Chumvi

Mvua ya kwanza ilianguka Jumanne usiku,
mabati yakaongea mpaka jogoo akakosa zamu.
Asubuhi udongo wa Nyakach ulikuwa mweusi, unanata,
unashika kiatu kama mtoto asiyetaka uondoke.
Ng'ambo ya mto kila mtu alikuwa na jembe.
Sisi tulikuwa na simu.

Maana hapa mbegu zina mlango, na mlango una zamu:
mama mkwe kwanza,
kisha nyumba ya mzaliwa wa kwanza,
kisha ya pili, na mwisho kabisa mimi,
mke wa kitindamimba,
mwenye kibuyu cha mtama uvunguni tangu Januari.

Osewe, wa kwanza, yuko Nakuru,
anafuma blanketi za kuwafunika watu asiowajua.
"Kesho," alisema Jumatano.
Alhamisi mkewe Akeyo akafunga leso, akamfuata.
"Kesho kutwa," alisema Ijumaa,
na nyuma yake nikasikia mwanamke
akiuliza chumvi imewekwa wapi.
Haikuwa sauti ya Akeyo.
Niliirudisha simu mezani. Sikumwambia mtu.

Peresia, mama mkwe, alikuwa amekwisha panda chake:
kabla ya mapambazuko, hatua kumi na mbili kwenda,
kumi na mbili kurudi,
kofia ya marehemu kichwani, kibuyu ubavuni.
Akanawa, akaketi kizingitini.
"Mimi nimefungua. Mlango unaofuata si wangu."

Tukangoja.
Kumbikumbi wakatoka ardhini Jumamosi,
watoto wakawasha taa, wakaweka karai la maji,
tukala mbawa zikiwa bado zimetunasa midomoni.
"Hawa wana bahati," alisema mume wangu,
"hawana kaka mkubwa."
Kwa jirani mahindi yalishatoa kidole.

Usiku huo akaninong'oneza: tupande gizani,
nani atajua?
Na mimi niliyesoma kilimo miaka miwili,
mwenye cheti ukutani chenye muhuri mwekundu,
ninayejua kwa hesabu
siku moja ya kuchelewa inakula debe ngapi,
nikajisikia nikisema: ardhi itajua.
Tukalala tumepeana migongo,
mvua ikitucheka juu ya bati.

Akeyo alirudi Jumapili, giza limeshaingia,
kwa miguu kutoka Katito, viatu mkononi,
matope hadi magotini.
Peke yake.
Begani alikuwa na koti la mumewe,
lile la kijivu, lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine.

Hakuna aliyeuliza. Hata mbwa alinyamaza.
Peresia alilipokea koti, akanusa kola,
akalinyoosha mikono kama mtu anayemvisha mtoto,
akaliingiza nyumbani kwa Akeyo
na kulilaza kitandani, upande wa ukutani,
upande wa mwanamume.
"Lala, mwanangu," akamwambia mkwewe.
"Mwenye nyumba amefika."

Alfajiri tulisikia jembe moja.
Jembe moja tu, muda mrefu,
likigonga jiwe, likipumzika, likigonga tena.
Saa mbili nyumba ya pili ikaingia.
Zamu yangu ilipofika jua lilikuwa utosini,
nami nilipanda bila kamba, bila mistari,
mimi mwenye cheti,
nikitupa mtama kama anayelipa deni.

Mwezi wa saba tukala nafaka mpya.
Ugali mwekundu, mzito, unaovuta moshi wa kuni,
tonge la kwanza kwa Peresia,
la pili kwa Akeyo, sisi mikono magotini.
Simu ikaita.
"Mmeshaonja?" Osewe aliuliza, sauti ndogo,
sauti ya mtu aliyesimama nje ya dirisha.
Akeyo alitafuna mpaka mwisho, akameza.
"Nyumba yangu imeonja," alisema, akazima.

Kisha akanigeukia,
akaniomba chumvi.